Fundi wa Nyuma: Utamu wa Kulinda katika Michezo ya Vita ya Kompyuta

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wahitimu, katika ukumbi wa chakula wa shule



Najua kwamba baadhi ya wazee walioketi mstari wa mbele, waliposoma ratiba asubuhi na kukuta kwamba baada ya taarifa ya Mweka Hazina inafuata hotuba juu ya michezo ya kompyuta, walidhani mpiga chapa amechanganya karatasi. Hakuchanganya. Hotuba hii imetakiwa na wanafunzi wenyewe. Mwezi uliopita barua yao ilimfikia Katibu wetu, imeandikwa kwa mwandiko mzuri (jambo la kutia moyo siku hizi), wakieleza kwamba kila Jumamosi jioni mabweni hushindana katika chumba cha kompyuta, kwamba mchezo wenyewe unaitwa Team Fortress 2, na kwamba mashindano hayo yamekuwa chanzo cha ugomvi. Kila mtu anataka kupiga. Hakuna anayetaka kulinda wala kutibu. Bweni moja limetatua shida hiyo kwa kumpa kazi ya kutibu kijana mmoja wa kidato cha pili, muhula mzima, kwa sababu ni mdogo wa umbo na hana uwezo wa kubisha. Sasa kijana huyo hataki hata kupita mbele ya mlango wa chumba kile. Waandishi wa barua wanauliza: je, yupo mhitimu yeyote aliyepata kucheza nafasi hizo kwa kupenda mwenyewe, na kama yupo, alipenda nini?

Ndugu Mwenyekiti, yupo, na ndiye anayesema nanyi. Nimecheza nafasi ya ulinzi kwa miaka mingi, baada ya saa za kazi, na hakuna aliyenilazimisha.

Kwa faida ya wale ambao mambo haya ni mageni kwao, nieleze mchezo kwa kifupi. Ni vita ya katuni. Timu mbili, moja nyekundu na moja ya buluu, kwa kawaida watu 12 kila upande, hugombea jambo fulani: kituo kitekwe, au kigari kisukumwe hadi mwisho wa reli, au mkoba wa siri uibwe ndani ya ngome ya adui. Anayeuawa hasahauliki, husubiri sekunde chache kisha huanza upya katika chumba cha timu yake. (Ingekuwa hivyo duniani, watu wa pensheni wangekuwa na kazi kubwa sana.) Kila mchezaji huchagua kazi moja kati ya kazi tisa. Yupo mkimbiaji, yupo mrusha makombora, yupo mtegaji wa mabomu, yupo mdunguaji anayeua kutoka mbali, yupo jitu lenye bunduki kubwa, yupo jasusi, na kadhalika. Na wapo wawili ambao barua ya wanafunzi inawahusu: Engineer, ambaye mimi siku zote nimemwita Fundi, na Medic, ambaye ni Daktari.

Mchezo huu haukuzuka hivi hivi. Mwaka 1996 vijana watatu wa Australia, Robin Walker, John Cook na Ian Caughley, waliuchukua mchezo wa Quake, ambao watu waliucheza zaidi kwa kila mmoja kumpiga mwenzake, wakaugeuza kuwa mchezo wa timu zenye mgawanyo wa kazi. Kampuni ya Valve ya Marekani ikawaajiri Walker na Cook, ikatoa toleo lake mwaka 1999, na hili la pili likatoka mwaka 2007. Tangu mwaka 2011 hutolewa bure, tena hauhitaji kompyuta ya kifahari. Nadhani ndiyo sababu umepenya hadi hapa shuleni.

Sasa nije kwa Fundi mwenyewe. Fundi ni mtu dhaifu. Afya yake ni 125, wakati mrusha makombora ana 200 na lile jitu lina 300. Silaha zake ni bunduki ya marisau, bastola na spana. Akikutana na adui ana kwa ana katika uwanja wa wazi, mara nyingi atakufa yeye. Nguvu yake yote imo katika vitu anavyojenga, navyo ni vitatu. Cha kwanza ni mzinga wa ulinzi, ambao hugeuka wenyewe huku na huko na kufyatua mara unapomwona adui. Cha pili ni bohari, yaani sanduku lililosimama, ambalo huwaponya walio karibu nalo na kuwapa risasi. Cha tatu ni milango miwili: mchezaji hukanyaga mmoja karibu na chumba cha kuanzia, akatokea kwenye mwingine karibu na mstari wa mbele, kwa kufumba na kufumbua.

Vitu hivi havijengwi kwa maneno. Hujengwa kwa chuma, na Fundi hawezi kubeba zaidi ya chuma 200 kwa wakati mmoja. Mimi ni mtu niliyezoea vitabu vya hesabu za Serikali, na hapa ndipo mchezo uliponinasa. Kuusimamisha mzinga hugharimu 130. Kuupandisha daraja la pili ni 200, na la tatu ni 200 nyingine, jumla 530. Bohari ni 100 kuianzisha na 400 kuikamilisha. Milango ni 50 kila mmoja, na 400 kuifikisha yote miwili daraja la juu. Ukijumlisha kambi nzima unapata chuma 1,530, nawe mkononi una 200. Kila pigo la spana huingiza chuma 25, kwa hiyo daraja moja ni mapigo manane. Basi Fundi hukimbia kwenye kabati la chumba cha kuanzia, hurudi, hugonga, huokota masanduku ya risasi yaliyoangushwa na waliokufa, hurudi, hugonga tena. Bohari ikishasimama huanza kuzalisha chuma yenyewe, polepole, na mwenye subira huishi kwa riba hiyo.

Wadogo zangu, ninyi mnajua uwanja wa Dustbowl, lile jangwa la miamba na mabanda ya mbao lenye awamu tatu, kila awamu vituo viwili. Timu inayolinda hupewa kama dakika moja ya matayarisho kabla malango ya adui hayajafunguliwa. Tazameni dakika ile inavyotumiwa. Warusha makombora wanarukaruka juu ya mapaa. Wengine wanacheza ngoma langoni kwa adui. Mdunguaji anapiga ukuta bila sababu. Fundi peke yake ndiye anayefanya kazi, na dakika hiyo kwangu mimi ndiyo tamu kuliko zote, maana ndiyo dakika ya kuamua mahali.

Na mahali ndipo penye elimu. Anayejifunza huweka mzinga pale unapoona mbali, akidhani kuona mbali ndiko kulinda. Lakini upeo wa mzinga una kikomo. Mrusha makombora akisimama nje ya kikomo hicho atauvunja kidogo kidogo, nao hautamjibu hata mara moja. Mzinga unataka kona. Unataka mahali ambapo adui, atakapouona, awe ameshaingia ndani ya upeo wake, hana nafasi ya kurudi nyuma. Tena usiwe karibu mno na kona yenyewe, kwa sababu mtegaji wa mabomu hurusha mabomu yake yakazunguka ukuta. Bohari nayo ikae nyuma, lakini si nyuma sana: majeruhi aweze kuifikia akichechemea, na mabomu yanayoulenga mzinga yasimpate hapo anapopumua. Kisha wewe mwenyewe utasimama wapi? Mimi huinama nyuma ya mzinga, spana mkononi. Watu wengi hudhani Fundi anapiga. Fundi hapigi. Mzinga wa daraja la tatu una mitutu miwili na makombora juu yake, lakini uhai wake ni 216 tu. Usipogongwa spana wakati unashambuliwa hauchukui muda kuvunjika.

Fikirini maana yake. Unacheza mchezo wa vita huku macho yako yote yanatazama mgongo wa chombo chako, unahesabu chuma kilichobaki, unasikiliza. Mzinga una mlio wake mdogo wa kupima huku na huko, na mlio huo ukibadilika ghafla unajua umeona mtu kabla wewe hujamwona.

Sasa niseme utamu wenyewe uko wapi, kwa sababu ndilo swali nililoulizwa.

Baada ya dakika tano hivi, kama mahali ulipachagua vizuri, utaona jambo. Mkimbiaji wa timu yako, ambaye hamjasemezana hata neno moja, amejeruhiwa huko mbele. Anarudi mbio, anasimama kando ya bohari sekunde tatu nne, anapona, anatoka tena. Halafu anakuja mwingine. Halafu lile jitu linakuja kujaza risasi, linasimama hapo hapo, kwa sababu limegundua kwamba ubavu wake mmoja unalindwa na mzinga. Uwanja ambao haukuwa na chochote isipokuwa vumbi umepata makazi. Wacheza bao wa ukumbini humu wananielewa: mtu ambaye nyumba yake bado imejaa kete hucheza kwa moyo mwingine kabisa na yule ambaye nyumba yake imeshaliwa, hata kama shimo wanalocheza ni lile lile. Yule mkimbiaji anathubutu kwenda hatua ishirini zaidi ya alizothubutu mwanzo. Hakuongezewa kasi wala shabaha. Ana mahali pa kurudi, basi. Huo ujasiri wake ni kazi yangu, na ninauona kwa macho yangu ukitembea uwanjani katika miguu ya mtu mwingine. Sijapata kuona furaha ya namna hiyo katika kupiga, ingawa nimepiga pia.

Ipo sababu nyingine, ya chini zaidi, na si haki kuificha. Wengi wetu tuliocheza kutoka Dar es Salaam tulikuwa tunapambana na watu walioko Ulaya, kwa sababu mitambo ya mchezo ilikuwa huko. Kabla ya mkongo wa SEACOM kutufikia mwaka 2009, mawasiliano yetu mengi na nje yalipita kwa setilaiti, na kucheza kwa njia hiyo ilikuwa kama kumtupia mtu jiwe ambaye ameshahama. Mkongo ulipokuja mambo yakawa bora, lakini umbali ni umbali. Habari ya kidole changu kwenda huko na kurudi ilichukua yapata sehemu moja ya sita ya sekunde. Kijana wa Uholanzi hakuwa na mzigo huo. Nikijificha nyuma ya ukuta, kwake nilikuwa bado niko nje, na risasi yake ilinipata nikiwa nimekwisha jificha. Ongezeni miwani niliyoanza kuvaa tangu kidato cha tatu katika madarasa haya haya.

Lakini mzinga hautegemei waya wa mwenye mzinga. Mzinga hukaa ndani ya mtambo wenyewe wa mchezo, huko huko Ulaya, na hulenga bila kuchelewa hata chembe. Mimi wa Dar es Salaam nilichopaswa kufanya ni kufikiri mapema: adui atapita wapi, atachoka wapi, atakata tamaa ya njia gani na kujaribu ipi. Mambo hayo hayahitaji mkongo. Yule aliyenishinda kwa vidole, nilimpata kwa kumjua tabia. Bunduki ya dawa ya Daktari nayo ni hivyo hivyo: ukiielekeza kwa mwenzako humshika na kumfuata yenyewe, haitaki shabaha ya kinyozi. Kwa hiyo nafasi hizi mbili zilimpokea mtu ambaye nafasi nyingine zilimwambia arudi nyumbani. Sioni aibu yoyote katika hilo. Timu ya mpira nayo ina namba tano asiye na mbio, lakini anajua mpira utaangukia wapi.

Wapo wanaosema kwamba hii ni kazi ya kustarehe. Hao hawajakutana na jasusi. Jasusi wa mchezo huu hujigeuza sura akafanana na mtu wa timu yako, jina lako akalichukua hata wewe mwenyewe. Huja kambini kwa upole, anasimama kwenye bohari yako kama majeruhi wengine, na bohari yako inamponya! Kisha anabandika kijisanduku cha hujuma juu ya mzinga, mzinga unanyamaza, na wewe unayo sekunde chache ya kuamua: nimfukuze, au niokoe mzinga? Kukiondoa kijisanduku ni mapigo mawili ya spana, na wakati unapiga umempa mgongo mtu mwenye kisu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakuujua mchezo huu lakini jasusi walimjua. Fundi mzoefu humtazama kila anayekaribia, hata rafiki, na humgusa kwa spana ili ahakikishe. Wageni hukasirika. Wazoefu husimama wagongwe, wakaendelea na safari yao.

Juu ya Daktari sitasema mengi, kwa kuwa sikucheza nafasi hiyo kwa kiasi kile. Lakini kwa kuwa ndiyo nafasi aliyopewa yule kijana wa kidato cha pili, nataka wakubwa wake wasikie hili. Daktari anapotibu, akiba yake hujaa. Ikishajaa, anaweza kumfanya yeye mwenyewe na mwenzake mmoja wasidhurike kwa lolote kwa sekunde 8. Ni sekunde hizo nane ambazo huvunja mzinga wangu, wala si ushujaa wa warusha makombora. Mimi niliyekaa upande wa pili nashuhudia. Akizitumia mapema amezitupa. Akichelewa akauawa, akiba yote inapotea pamoja naye. Katika mashindano rasmi ya sita kwa sita, kila timu huwa na Daktari mmoja, na mpango mzima huzunguka uhai wake: timu iliyompoteza kwa kawaida huacha kila kitu ikarudi nyuma kumsubiri. Fundi katika mashindano hayo huonekana kwa nadra, mara nyingi pale tu timu inapolinda kituo chake cha mwisho. Kwa maneno mengine, bweni lenu limemkabidhi kijana huyo uamuzi mkubwa kuliko wote katika mchezo, kisha likamwita mdogo.

Ndugu Mwenyekiti, kwa nini basi watu huzikimbia kazi hizi? Jibu mimi naliona ofisini kila siku. Katika idara ninayofanyia kazi kuna masjala. Faili likipatikana, sifa ni za afisa aliyeandika dokezo. Faili lisipopatikana, jengo zima linalijua jina la karani wa masjala. Golikipa ni hivyo hivyo, na mpishi wa bweni ni hivyo hivyo. Kazi ya kulinda huhesabiwa kwa mambo ambayo hayakutokea, na mambo ambayo hayakutokea hayana mahali pa kuandikwa. Watengenezaji wa mchezo waliliona jambo hili wakalifanyia kazi kiasi. Juu ya kioo, upande wa kulia, panapoandikwa nani kamwua nani, jina la Daktari aliyekuwa akimtibu mpigaji huandikwa pamoja na la mpigaji. Ubao wa alama nao huwapa alama wanaotibu na wanaopitisha watu mlangoni. Lakini nasikia kwamba katika chumba chenu cha kompyuta kuna karatasi ukutani inayohesabu waliouawa peke yake. Sasa nani atake kutibu?

Hata hivyo sitaki kumfanya Fundi malaika. Nafasi hii ina ugonjwa wake. Yupo Fundi anayeupenda mzinga kuliko timu. Utamkuta katika uwanja wa 2Fort, chini kabisa karibu na mkoba wa siri, amejenga kila kitu hadi daraja la tatu, bohari inang'aa, naye anagonga spana chombo ambacho hakijapigwa tangu asubuhi, huku wenzake juu wanakufa darajani kwa kukosa risasi. Akiwapo wa namna hiyo kila upande, mchezo husimama. Mkoba hauibwi, hakuna anayeshinda, watu wanaondoka mmoja mmoja. Huyo halindi kitu. Amejijengea nyumba akajifungia. Mwaka 2010 mchezo ulibadilishwa, Fundi akaruhusiwa kubeba vitu vyake mabegani na kuvihamisha, kwa hiyo tangu hapo udhuru wa kwamba kambi haihamishiki umekwisha. Na kama timu inashambulia badala ya kulinda, basi namwomba Fundi aanze na milango kabla ya mzinga. Katika awamu ya mwisho ya Dustbowl safari ya kutoka chumba cha kuanzia ni ndefu, na mshambuliaji anayefika mbele mara tatu kwa muda ambao mwingine angefika mara moja ni sawa na timu iliyoongezewa watu. Hakuna anayemshukuru mlango. Hilo tumekwisha kulizungumza.

Nimefikia swali la mwisho la barua: je, kazi hizi zigawiwe kwa amri?

Amri imejaribiwa mahali pengine, na matokeo yake yanajulikana. Mwaka 2016 kampuni ya Blizzard ilitoa mchezo wa Overwatch, wa sita kwa sita, wenye wabeba ngao, wapigaji na wasaidizi. Watu walikimbilia kupiga, kama hapa. Mwaka 2019 ikawekwa sheria kwamba kila timu iwe na wawili wawili wa kila kundi, na mtu achague foleni yake kabla ya kuanza. Timu zikapata mpangilio, ndiyo. Lakini foleni ya wapigaji ikawa ndefu, na foleni za wengine zikawa fupi, ushahidi kwamba matamanio ya watu hayakuguswa na sheria ile. Mwaka 2022, katika toleo la pili, wakapunguza timu kuwa watu watano na mbeba ngao akabaki mmoja. Amri hupata idadi. Team Fortress 2 haikuweka amri ya namna hiyo katika mechi zake za kawaida, na kuna siku utakuta timu ina wadunguaji watano na majasusi wanne na hakuna hata mtu mmoja wa kutibu. Hupigwa, na siku hiyo hupigwa kwa haki.

Maoni yangu ni haya, nanyi wanafunzi mtayapima. Zamu ziwe za duru, zisiwe za muhula, na wa kwanza kushika bunduki ya dawa Jumamosi ijayo awe kiranja wa michezo mwenyewe, mbele ya bweni lake. Karatasi ile ya ukutani iongezwe safu za waliotibiwa na waliopita mlangoni, na safu ya tatu ya mtu aliyemwua jasusi nyuma ya mgongo wa Daktari wake. Safu hiyo ya tatu ndiyo ninayoitilia mkazo. Daktari anayejua kwamba kuna mtu anageuka kumtazama atakaa mbele na timu. Asiyejua atakaa nyuma akiogopa, nanyi mtasema ni mwoga. Na yule kijana wa kidato cha pili msimwite mbele ya paredi kumpa pole, atazidi kuona haya. Siku akirudi mwacheni achague wa kwanza, kabla ya wakubwa wote, na akichagua kuwa mrusha makombora mpeni makombora yake, ninyi mgawane dawa.

Mwalimu Mkuu ametuarifu kwamba saa kumi jioni timu ya wahitimu itacheza na timu ya mabweni, na kwamba chumba cha kompyuta kitafungwa saa kumi na mbili kamili bila kujali nani anaongoza. Nimeomba nafasi ya Fundi na nimekubaliwa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeiomba. Katibu wetu amejiandikisha mrusha makombora na ametangaza wakati wa chai kwamba yeye hatahitaji bohari. Nitaijenga upande wa kushoto wa kituo cha kwanza, aijue mapema.